Nilivyomkuta Baba Usinge

Haya wanakwaya, mmeniuliza vya kutosha. Tangu nirudi, kila anayekwenda kuchota maji anapitia kwangu, ananitazama usoni, kisha anasema, "Pole na safari, Mama Neema," halafu anakaa. Nimechoka kusimulia vipande vipande. Huyu nikimpa kichwa na yule mkia, mkikutana mnaunda mnyama ambaye mimi sikumwona. Kwa hiyo naandika yote mara moja. Na wewe Mama Tunu, uliyeuliza kuliko wote, soma mpaka mwisho.

Chanzo mnakijua nusu. Baba yangu, mzee Maganga, alituacha nikiwa msichana, akahamia Usinge kulima tumbaku, akaoa huko. Hilo nililimeza. Wanaume wengi wameondoka, na mama alitulea bila kumsema vibaya hata siku moja. Ila mama alipofariki Tabora tulimpelekea baba habari, naye akajibu anakuja. Tukamngoja. Jeneza lilikaa uani kwetu Itetemia, hapo hapo Tabora, mpaka jua likaelemea, wazee wakaniita pembeni wakasema, "Mwanetu, haji huyu." Tukazika. Kwetu mtu akikosa harusi yako mtacheka siku moja yakaisha, lakini asiyekuja kuzika mtu wake, huyo unamweka wapi?

Tangu hapo, tukisali Sala ya Bwana kanisani, nikifika pale pa kuwasamehe waliotukosea nafunga mdomo. Nawaacha mpite, nawakuta mbele. Meza ya Bwana nayo nilikuwa siisogelei, na najua mlikuwa mnanong'ona kwamba nina jambo na mume wangu Masanja. Hakuna jambo lolote. Sikutaka tu kumwongopea Mungu mchana kweupe.

Kutoka Ipole

Aliyenipigia simu ni Mama Leya, huyo mke wa pili wa baba. Akasema baba hawezi, amelala, ananitaja. Nikamwambia nimesikia. Akapiga tena siku nyingine, nikamwambia nimesikia vilevile. Mara ya tatu hakusema kitu, alimpa baba simu. Baba naye hakusema. Nilisikia kikohozi chake, viwili vifupi halafu kimoja kirefu, kilekile kilichokuwa kikituamsha asubuhi tulipokuwa wadogo. Nikakata simu.

Masanja alikuwa ananoa panga mlangoni. Hakuniuliza. Ila kesho yake nilikuta ndoo ndogo ya asali imefungwa vizuri na kipande cha mpira wa baiskeli, imewekwa juu ya begi langu. "Mkwe wangu anapenda asali," alisema, basi. Kuna wanaume wa kuhubiri na kuna wa kufunga ndoo, na mimi nilipewa wa ndoo. Mwanamke gani atabisha na ndoo? Nikavaa nikaenda.

Msidhani nilikwenda na moyo mweupe. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu. Kwanza angesikia jinsi tulivyomngoja siku ile, mmoja mmoja tukitoka barabarani kuchungulia. Kisha angesikia jinsi kaburi lilivyofukiwa giza likiingia. Akishalia ndipo ningemwambia nimemsamehe. Msamaha nilikuwa nao, lakini niliuweka chini kabisa ya begi.

Basi lilipasuka tairi kabla ya Sikonge. Tulishuka wote tukakaa kivulini, na muda si mrefu nyuki wakaifuata ndoo yangu. Mmoja, kumi, halafu kundi. Abiria walikimbia kila mmoja na njia yake, mpaka kondakta aliyekuwa na spana mkononi. Mama mmoja mnene alijifungia ndani ya basi akanisema kupitia dirishani tangu nilipozaliwa. Nilibaki peke yangu na ndoo, nimeifunika kwa kanga, nikingoja waondoke. Nilicheka kidogo, nakiri. Ilikuwa mara ya mwisho kucheka nikiwa na baba duniani, ingawa sikujua.

Tabora, dukani

Tabora nilifika na muda wa kutosha kabla ya treni. Mama Leya alikuwa ameniambia mgonjwa anahitaji kubadilishiwa shuka mara kwa mara, nikaona ninunue bafta, kitambaa cheupe kinachofulika kirahisi. Nikaingia duka la bibi mmoja wa Kihindi, Mwislamu, mwenye ushungi wa kijani. Nikamwamkia, nikamwambia nataka bafta ya kumtosha mwanaume mrefu.

Yule bibi aliacha shughuli zake zote. Akanishika mkono, akasema, "Pole sana, mwanangu. Mungu ampumzishe." Akaanza kupima kitambaa kwa dhiraa, polepole, na nilipotaka kulipa akapunguza bei bila kuombwa. Hapo ndipo nilipotambua amedhani nanunua sanda. Nikamwambia si hivyo bibi, mtu wangu yu hai, ni shuka za kulalia. Aliona haya mpaka akaweka mikono usoni. Akasema, "Basi Mungu amponye, na mimi unisamehe." Nikamjibu haraka, nimekusamehe bibi, hakuna ubaya. Nilipotoka nje ndipo nilipojiuliza jinsi neno lile lilivyotoka mdomoni mwangu kama mate, kwa mtu ambaye sijui hata jina lake.

Ndani ya treni

Kwenye behewa nilikaa mkabala na mzee mmoja mwembamba, masikio yametobolewa kama ya Wagogo wa zamani. Akaniuliza ni mtu wa wapi. Nikasema Mnyamwezi. Weee! Macho yakamng'aa. Akanyoosha mkono mapajani kwangu, akachukua mchembe, kipande cha kiazi kikavu nilichofunga cha njiani, bila kuomba, akatafuna huku akiniambia, "Mpagazi wangu wewe, mzigo wangu huo chini, ukifika uubebe." Nikamjibu kwao hakuna mvua ndiyo maana anakuja kukanyaga matope yetu.

Asiye wa kwetu angeona tunagombana. Wazee husema babu zetu walipopita Ugogo na mizigo ya misafara, kwenda pwani na kurudi, waligombea maji na Wagogo mpaka damu ikamwagika. Wakachoka kuzikana, wakakubaliana kutaniana. Tangu hapo Mgogo akinitukana siruhusiwi kukasirika, akichukua changu simdai, na msiba ukitokea mtani ndiye anayechekesha watu. Anamkejeli marehemu, anavaa nguo zake, anamwigiza. Ninyi mmeyaona hayo, lakini wajukuu watakaosoma wengine hawayajui.

Jina lake alisema ni Mahinyila, fundi viatu wa Tabora mjini, zamani alilima tumbaku Usinge. Tulipopita Urambo michembe ilikuwa inakaribia kwisha na behewa zima linamsikiliza. Akasema anakwenda kumzika mtani wake, Mnyamwezi mmoja mvivu ajabu. Eti mwenzetu ameona mvua zimekolea, palizi imefika, akaamua afe ili akwepe jembe. Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, jamani. Nilicheka mpaka nikafuta macho kwa kanga.

"Na hata huko aendako atachelewa," akaendelea, "maana mguu anauburuta, na lile koti lake la kaki halivui hata jua likiwaka. Maganga huyo."

 Nikamuuliza, "Maganga yupi?"

"Wa Usinge. Mume wa Mama Leya."

"Ni baba yangu."

Mzee Mahinyila aliutazama mchembe aliokuwa ameushika. Mtani hana desturi ya kuomba radhi, utani hauna radhi, ndivyo ulivyo. Aliuinamia ule mchembe, akaurudisha taratibu kwenye kitambaa changu mapajani, akaupanga na ile iliyobaki.  Mama mmoja akaanza kunipa pole, mwingine akanipa maji.

Baada ya muda akaniambia kwa sauti ya mtu mwingine kabisa kwamba alipata habari mchana ule, na kwamba nyumbani wameamua kumngoja binti mkubwa. Wangengoja mpaka kesho jua likielemea, zaidi ya hapo haiwezekani. Simu yangu ilikuwa imekwisha chaji tangu Sikonge.

Nililia, lakini niwaambie ukweli, nililia kwanza kwa hasira. Nilikuwa nimemkasirikia kwa kufa. Maneno yangu yote niliyoyapanga sasa nimwambie nani? Na tena eti nangojwa. Yeye tulimngoja uani hakuja, leo yeye amelala uani ananingoja mimi. Nikasema moyoni, nikishuka Kaliua nageuza, tutakuwa sare. Nawaambieni, niliwaza hivyo, mwimbaji wenu wa sauti ya kwanza.

Fuso la chumvi

Kaliua tulishushwa wote. Mvua ilikuwa imekula tuta mbele na treni isingepita mpaka watengeneze. Tulilala stesheni tukiwa tumejikunyata. Asubuhi treni ya kurudi Tabora ilikuwa tayari imegeuzwa kichwa, na mtu wa kunizuia nisipande hakuwepo. Nilisimama nayo kwa muda. Mzee Mahinyila hakunihubiria. Alikwenda akanunua uji wa ulezi vikombe viwili, akanipa kimoja, akainua ndoo yangu ya asali akaiweka kichwani. Akatangulia kwenda barabarani kutafuta usafiri wa Usinge.

Sasa mnaona? Ndoo tena. Nikamfuata.

Tulipata fuso lililobeba chumvi. Tulikaa juu ya magunia, na barabara ilikuwa tope tupu. Tulikwama mara nyingi kuliko tulivyokwenda. Kila tukikwama wanaume wanashuka kusukuma, na mimi naliangalia jua. Nilijikuta nalihesabu kama walivyolihesabu wazee wangu Itetemia. Mahali pamoja dereva alizima kabisa akasema tungoje trekta, na wanawake wawili waliokuwa wanatoka kuchuma uyoga wakatukaribisha ugali na nsansa, mboga ya majani makavu ya kunde, yenye karanga. Nilifinyanga tonge nikaliacha. Nilikuwa nawaza kwamba labda siku ile na baba naye alikwama mahali, akaliangalia jua. Sikuwahi kuwaza hivyo kabla. Nilimwona siku zote amekaa Usinge kwenye kiti, amekunja nne, anakula.

Trekta lilikuja. Tulifika Usinge jua limeelemea.

Usinge

Jeneza lilikuwa uani, chini ya turubai. Hawakuwa wamezika.

Mama Leya nilikuwa nimemtengeneza kichwani miaka yote, mwanamke mkubwa mwenye mapaja na hereni. Aliyetoka kunipokea ni kibibi kidogo, kichwa hakinifiki begani, miguu imepasuka kwa shamba. Nikasema, "Shikamoo, mama." Sikuwa nimepanga kumwita mama. Akaitikia marahaba, akanikumbatia kiunoni, na tukalia pale wote wawili mpaka wakatutenganisha.

Kisha akaniambia hivi, na hili ndilo linaloniamsha usiku. "Siku ile simu ilipokatika, baba yako alisema ni mtandao. Akasema tusikupigie tena kukusumbua, mtandao wa Ipole si mzuri."

Ile bafta niliitoa kwenye begi nikampa. Hakuuliza ni ya nini. Waliitandika juu ya jeneza, na ilimtosha baba urefu wake wote.

Kaburini mchungaji alikuwa ameshafungua kinywa, mara watu wakaanza kugeuka. Mzee Mahinyila alikuwa anakuja kutoka nyumbani, amevaa koti la kaki la baba, kofia ya baba imeangukia jicho, anauburuta mguu wa kulia. Watu wakacheka, hata waliokuwa wanalia. Akasimama ukingoni mwa kaburi, akanyoosha mikono akazuia njia. Hiyo ni haki ya mtani. Atazuia mpaka apewe anachotaka, ndipo maziko yaendelee. Kwa kawaida anataka kuku au pombe, watu wanabishana naye, wanampa, yanakwisha.

Yeye alinitazama mimi. Akakohoa, viwili vifupi na kimoja kirefu.

"Nyamizi," alisema, na sauti ilikuwa ya baba. Jina hilo la nyumbani nilikuwa sijamwambia. "Sikuja kumzika mama yako."

Kicheko kikafa.

"Nilifika Tabora. Nilishuka stesheni na koti hili hili. Nikaona aibu, nitawatazamaje wanangu? Nikakaa kwenye benchi mpaka treni ikarudi huku, nikapanda. Sasa nimefika hapa nashindwa kuingia. Nifanyeje, mwanangu?"

Niliyatafuta maneno yangu niliyoyapanga tangu Ipole. Jinsi tulivyomngoja, jinsi tulivyochungulia barabarani. Hayakuwepo. Niliona koti tu, na kifungo cha juu ambacho mama alikishona kwa uzi mweusi kwa kuwa wa kaki ulikosekana. Uzi ulikuwepo bado.

"Nimekusamehe, baba," nikasema. "Ingia ukapumzike."

Mzee Mahinyila alishusha mikono aliyozuia nayo njia. Akavua kofia, akavua koti, akalikunja vizuri, akampa Mama Leya. Akabaki na shati lake la fundi viatu, mzee wa Kigogo analia mbele za watu. Akasogea pembeni. Tukazika.

Kurudi

Baadaye, tulipokuwa tunakula, nilimfuata nikamuuliza kama ni kweli. Je, baba alimwambia habari ya benchi, au aliitunga? Alichovya kidole kwenye asali yangu akalamba. Akasema mtani haulizwi. Nikamshika mkono nikamwambia nakuomba. Akanijibu, "Ungejua kwamba nimeitunga, ungemrudisha atoke?" 

Nikamuuliza Mama Leya. Yeye alisema siku ile baba alipanda treni kweli, na yeye mwenyewe ndiye aliyemfungia michembe ya njiani. Akarudi na michembe ileile, haijaguswa. Alifika wapi hakusema, na yeye hakumuuliza, na hawakuizungumza tena mpaka anakufa. Ndicho ninachokijua. Sitajua zaidi ya hapo.

Njia ya kurudi sina la kuwasimulia, nililala karibu yote. Tabora nilipita dukani kwa yule bibi kumwambia kwamba alikuwa sahihi kuhusu bafta. Alinipa chai.

Jumapili mliniona Meza ya Bwana. Mkafurahi, mkanipigia vigelegele pale nje, nami nikawashukuru. Lakini mlisema ninalia kwa furaha, na hapo mlikosea. Ile sala niliisema yote, sikuruka kitu, na nilipofika pale pangu nilikisikia kikohozi kwenye simu. Neno lilikuwa moja tu. Nililitoa bure kwa mwenye duka, nikalitoa kwa Mgogo mbele ya kijiji kizima, na baba aliposhika simu akihema upande wa pili, nilimnyima. Bwana amenisamehe, naamini. Baba naye alikuwa ameshanisamehe kabla sijakosa vizuri, alisema ni mtandao. Ninayeshindwa naye bado ni mimi, na mnisaidie kumwombea.

Mama Tunu, umefika mwisho. Umeniuliza sana safari ilikuwaje, na wewe na dada yako hamjasalimiana tangu mlipogombana kwenye msiba wa shangazi. Yuko Sikonge pale, anauza nyanya, nilimwona kwenye basi lilipopasuka tairi, ndiye aliyenisema dirishani. Mimi nilikwenda mpaka Usinge, nikakuta koti la baba limevaliwa na mtu mwingine. Dada yako kanga zake bado anazivaa mwenyewe.